Mama Dorca na Mihuri Kumi na Miwili

Siku Wakhisi alipomwona Mama Dorca mara ya kwanza, mama huyo alikuwa amepiga magoti kando ya benchi, kichwa kimeingia chini, akijaribu kukaza mguu wa benchi kwa kisu cha kukatia mkate. Ilikuwa Jumamosi ya tatu ya Juni, mwaka wa 1991, katika ukumbi mdogo wa kanisa mtaani Migosi, mjini Kisumu. Wakhisi alisimama mlangoni, karatasi ya korti mfukoni mwa shati, asijue abishe hodi au akohoe tu. Alikuwa mtu wa haya tangu utotoni. Huko Bungoma alisoma hadi darasa la saba, na hakuna mwalimu ambaye angeikumbuka sauti yake.

"Hodi," alisema mwishowe.

"Umechelewa au umewahi?" mama aliuliza bila kuinuka.

"Nimewahi, mama."

"Wanaotumwa na korti huchelewa. Wewe ni seremala?"

Wakhisi alishangaa amejuaje, kisha akatazama chini. Viatu vyake vilijaa vumbi la mbao, na kutoka kule chini ya benchi ndivyo mama alivyoviona kwanza.

"Natengeneza vitanda, mama. Nina kibanda pale soko la Kibuye."

"Basi njoo umalize hapa. Benchi hili limewaangusha wanaume wawili mwezi uliopita, na mmoja akasema nimemroga."

Wakhisi alichukua jiwe nje, akachonga kipande cha mti kwa kile kisu, akakipigilia pale mguu ulipolegea. Mama Dorca alikaa kwenye kiti, akavaa miwani, akaisoma karatasi ya korti kutoka juu hadi chini. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka sitini hivi, kitambaa kichwani, mikono mipana ya mtu aliyefua na kuosha vitu vingi maishani.

"Ulimpiga na ubao wa kitanda," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Wa mti gani?"

Polisi walikuwa wamemwuliza mengi, na karani wa korti, na hakimu. Hilo hakuna aliyemwuliza.

"Mvule."

"Mvule ni mzito," alisema Mama Dorca, akaikunja karatasi na kumrudishia. Wakhisi aliona afadhali angemtukana.

Kosa lenyewe lilikuwa hivi. Mke wake, Nabalayo, alikuwa akinunua mchele Ahero na kuuuza kwa kipimo cha gorogoro mbele ya nyumba yao ya kupanga. Siku moja ya Aprili mvua kubwa ilinyesha upande wa Kano, maji yakafunika barabara, na magari yakasimama. Nabalayo alifika nyumbani giza limeingia, viatu mkononi, leso imelowa hadi kiunoni. Wakhisi alimwuliza alikuwa wapi. Nabalayo alikuwa amechoka, akajibu neno moja tu: "Maji." Wakhisi aliona amedharauliwa mbele ya watoto. Ubao wa kitanda cha mteja ulikuwa umeegemezwa ukutani, karibu mno na mkono wake. Asubuhi redio ikatangaza kwamba watu walilala ndani ya magari huko Ahero. Wakati huo Nabalayo alikuwa hospitalini, mfupa wa bega umevunjika, na muuguzi mmoja akimhimiza aende polisi kuchukua P3, fomu ya majeruhi, kabla ya maumivu kupoa na watu kuanza kumbembeleza anyamaze.

Hakimu alimpa Wakhisi kifungo cha nje cha mwaka mmoja. Alimwambia pia aende kwa mshauri kila Jumamosi, na arudi kortini tarehe tisa Septemba. "Ukileta barua ya mshauri kwamba umemaliza, utaendelea na kazi yako. Usipoleta, kuna miezi sita inakungoja jela ya Kodiaga."

Nabalayo alikuwa amehamia kwa dada yake, Nakhungu, huko Kisian, pamoja na binti yao Nekoye wa miaka tisa na kijana wao mdogo, Khaemba. Wakhisi akabaki Migosi na vitanda vya watu wengine. Kwa hiyo barua hiyo alikuwa akiiwaza kuliko chakula.

*

Mama Dorca hakusomea ushauri mahali popote. Alizaliwa upande wa Kisian, akaolewa na Ochieng, mfanyakazi wa reli, akawa muuguzi msaidizi kwa miaka ishirini na miwili, mingi kati ya hiyo akiwa chumba cha majeruhi. Ndiye aliyesafisha vidonda, ndiye aliyeshika taa daktari akishona. Kuna mwanamke aliyeshonwa uso mbele yake mara tano, na mara zote tano mwanamke huyo alisema ameanguka bafuni. "Nikajiuliza," aliwahi kuwaambia wanaume wake wa Jumamosi, "hizi bafu za Kisumu ni za namna gani, zinawaangusha wanawake tu, tena mwisho wa mwezi?" Ochieng alifariki mwaka wa 1984. Dorca alipostaafu, afisa wa probesheni aliyeitwa Tom, kijana mpole mwenye faili nyingi kuliko kabati, alimwomba akae na wanaume ambao korti iliwatuma. Alikubali kwa sharti moja, kwamba asiambiwe awahubirie.

Kila Jumamosi walikuwa wanaume saba au wanane. Walikaa kwenye mabenchi mawili yakitazamana. Mama Dorca alikuwa na utaratibu wake: mtu haanzi na aliyoyafanya mke. Anaanza na aliyoyafanya yeye, akimaliza ndipo aseme mengine, na mara nyingi akimaliza hakuwa na mengine.

Dalmas, kijana aliyekatakata nyama kwenye bucha moja barabara ya Ahero, ndiye aliyesumbua zaidi, na ndiye aliyependwa zaidi kwa sababu alichekesha.

"Mama, mimi nilikasirika tu, mkono ukaruka," alisema Jumamosi moja.

"Ukaruka ukatua wapi?"

"Kwa mama watoto."

"Si umetuambia wiki hiyo hiyo mwenye bucha alikukata mshahara?"

"Alinikata, mama. Mtu mbaya sana yule."

"Mkono haukumrukia?"

Wanaume walicheka. Dalmas naye akacheka. "Ah, mama, yule angenifukuza kazi."

"Basi mkono wako una akili, omera," alisema Mama Dorca. "Unajua mahali pa kuruka na mahali pa kutulia."

Wakhisi alitazama mikono yake mwenyewe juu ya magoti. Siku ile ya Aprili ilikuwa imepima, imekata na kupiga randa tangu asubuhi bila kukosea hata msumari mmoja.

Mwisho wa kila Jumamosi Mama Dorca aligonga muhuri kwenye kadi ya kila mtu. Kadi zilikuwa wazo la Tom. Zilikuwa za kijani, zenye vyumba kumi na viwili, na wanaume walizitunza kama kadi za kliniki. Walihesabiana. "Wewe una ngapi?" "Saba." "Mimi tisa, bado kidogo nipone." Jumamosi ya kumi na mbili mke aliitwa ukumbini, akapewa soda na biskuti, akasimama mbele ya watu na kuulizwa kama mume amebadilika. Akisema ndiyo, barua iliandikwa siku hiyo hiyo. Haikuwahi kutokea mke akasema hapana.

Mwezi wa Julai kaka mkubwa wa Wakhisi alifika na wazee wawili, wakaenda Kisian kumchukua Nabalayo. Chumba cha Nakhungu kilikuwa kimoja na Nekoye alikuwa anakosa shule, basi Nabalayo akafunga mizigo yake. Wakhisi hakumgusa tena. Hakupaza hata sauti. Nyumba ilikuwa na utulivu ambao aliusifia kwa mafundi wenzake pale Kibuye. "Nyumba yangu siku hizi ina adabu," aliwaambia. Aliona barua ile ameshaitia mfukoni.

*

Mwezi wa Agosti jambo likaharibika. Mwanamume mmoja, ambaye hakuwa wa kundi la Mama Dorca, alikuwa ameleta kortini barua ya mchungaji kwamba amemaliza ushauri. Siku tatu baada ya barua hiyo alimvunja mkewe mkono. Hakimu alikasirika, akamwandikia Tom kwamba hatapokea barua ya mtu yeyote hadi kuwe na kanuni: nani anafaa kushauri, kwa muda gani, na kumaliza maana yake nini.

Tom aliita mkutano ofisini kwake: mchungaji huyo, naibu wa chifu na Mama Dorca. Siku hiyo hiyo alikuwa amemwita Wakhisi kutengeneza mlango wa kabati la faili, na hakuna aliyeona haja ya kumtoa nje. Watu husema lolote mbele ya fundi. Wakhisi alikuwa sakafuni na bisibisi yake, akasikia yote.

"Nilimwombea siku nzima," mchungaji alisema kwa huzuni ya kweli. "Alilia. Mtu akilia mbele za Mungu, mimi ni nani nisimwandikie?"

"Alilia siku gani, mchungaji?" aliuliza Mama Dorca.

"Jumapili."

"Na mkono ulivunjwa?"

"Jumatano."

"Basi machozi yalidumu siku tatu."

Naibu wa chifu alisema yeye haoni ugumu. "Sisi huwakalisha. Mume anakuja na wazee, mke anapika kuku, wote wanakula, mimi nagonga muhuri. Ndivyo imekuwa tangu babu zetu."

"Kuku anapikwa na nani, jaduong'?" Mama Dorca alimwuliza mzee huyo.

"Na mke. Nani mwingine?"

"Huyu wa Jumatano angeshika kisu kwa mkono upi?"

Tom alitazama dirishani. Kisha akasema kwa upole kwamba kadi zake angalau zinahesabika.

"Muhuri unaonyesha kwamba makalio yalikaa kwenye benchi," alisema Mama Dorca. "Hauonyeshi kitu kingine. Na msidhani nawacheka ninyi peke yenu. Miaka mitatu nimewaita wake pale ukumbini. Wanawake ishirini na sita wamesimama mbele yangu na soda mkononi, mume kando, na wote ishirini na sita wamesema amebadilika. Nimekaa hospitali miaka ishirini na miwili. Sijaona dawa inayoponya wagonjwa ishirini na sita kati ya ishirini na sita. Nilikuwa nauliza swali mahali ambapo jibu lilikuwa moja tu."

Wakhisi aliacha kuzungusha bisibisi. Kadi yake yenye mihuri kumi ilikuwa mfukoni, na ghafla aliisikia kama imepata uzito.

Alichotaka Mama Dorca kilikuwa kidogo, lakini kiliwasumbua wote. Mke aulizwe peke yake, mahali anapokwenda kwa shughuli zake, siku ambayo mume haijui. Atakalosema lisimfikie mume kamwe. Na mume akimfuata kumwuliza alisema nini, hilo pekee lihesabiwe kwamba hajamaliza.

"Unataka kuwafanya wake wapelelezi ndani ya nyumba zao?" aliuliza mchungaji.

"Hapana. Nataka mgonjwa aulizwe anaumwa wapi. Sasa hivi tunamwuliza aliyemjeruhi."

Tom alisema wajaribu kwa wale waliokuwa karibu kumaliza, kisha wampelekee hakimu walichoona. Akasoma majina kutoka kwenye daftari. La kwanza lilikuwa Wakhisi. Kila mtu aligeuka akatazama kabati.

Jumamosi iliyofuata Mama Dorca aliwaambia wanaume wake.

"Mama, sasa mke wangu ndiye hakimu?" aliuliza Dalmas.

"La. Mke wako ndiye aliyepigwa."

*

Jumamosi ya kumi na mbili Mama Dorca aligonga muhuri wa mwisho kwenye kadi ya Wakhisi, akaitazama, akamrudishia. Wengine walipotoka alimwambia abaki.

"Baba Nekoye, barua siandiki."

Wakhisi alidhani hakusikia vizuri. "Mihuri imejaa, mama."

"Imejaa. Barua bado."

"Sijamgusa. Tangu Aprili sijamgusa. Wala kelele sijapiga. Amesema nimemgusa?"

Mama Dorca alivua miwani. "Ukiniuliza tena alilosema, nitalazimika kuandika kwamba umeuliza. Nenda nyumbani. Una macho, yatumie."

Zilibaki siku tisa kabla ya kurudi kortini. Wakhisi alitembea kutoka ukumbini hadi nyumbani, mwendo wa dakika kumi, na katika dakika hizo aliyahesabu yote aliyoyafanya tangu Julai: unga, mafuta ya taa, karo ya Nekoye, viatu vya Khaemba. Alimwona Nabalayo akikaa mahali fulani na yule mama, akisema maneno. Maneno gani? Alilitunga swali lake njiani, akalipunguza mpaka likawa fupi na la upole. *Ulimwambia nini?* Swali la mtu mwenye haki ya kujua. Hatapaza sauti. Atasimama tu na kuuliza.

Ilikuwa saa kumi na nusu jioni. Alipokaribia, kabla hajafika kwenye bomba la maji la ploti, alisikia redio. Alisikia Nekoye akicheka kwa sauti ambayo hakuitambua mara moja, na Nabalayo akisimulia habari za mwanamke fulani wa Ahero aliyeteleza shambani na gunia la mchele kichwani, akaanguka yeye lakini gunia likabaki limesimama. Khaemba alikuwa akipiga sufuria kwa kijiko.

Wakhisi alikanyaga kizingiti.

Redio ilizimwa. Nekoye aliushika mkono wa mdogo wake, akamnyang'anya kijiko, wakapita nyuma ya pazia la kitanda bila kusemezana. Nabalayo alisimama, akaokota beseni la maji ya miguu, akaliweka mahali pake, kisha akarudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta, bega lile lililovunjika likiwa upande wa mbali. Yote hayo yalichukua muda wa mtu kuvua kofia. Hakuna aliyeambiwa la kufanya. Walifanya kama watu waliozoea kazi, kila mmoja akijua sehemu yake.

"Umerudi, Baba Nekoye," alisema Nabalayo.

Swali lilikuwa tayari mdomoni mwa Wakhisi. Alifungua mdomo, na wakati huo akatambua mahali aliposimama. Chumba kilikuwa na mlango mmoja, na yeye alikuwa ameujaza. Hata siku ile ya Aprili alikuwa amesimama papo hapo. Mtu yeyote aliyetaka kutoka angelazimika kupitia kwake.

"Nimesahau kitu kibandani," alisema, akatoka.

Hakuwa amesahau kitu. Alikaa kwenye jiwe karibu na bomba na kungoja redio iwashwe. Alingoja muda mrefu. Jirani alimwuliza kama maji yamekatika. Mwishowe redio iliwashwa, lakini chini sana, kama mtu anayejaribu joto la maji kwa kidole. Huo ndio utulivu aliousifia kwa watu wa Kibuye.

Jumatatu alikwenda nyumbani kwa Mama Dorca, mtaani humo humo. Alimkuta akichambua mboga.

"Sikumwuliza," alisema Wakhisi.

"Vizuri."

"Lakini nimeona." Akamwambia habari ya redio, pazia, beseni na ukuta. Ilimchukua muda, maana hakuzoea kusema maneno mengi kwa mfululizo. Mama Dorca hakusema kwamba ndivyo Nabalayo alivyomwambia, wala hakusema sivyo. Aliendelea kuchambua majani.

Kisha alifuta mikono, akaleta daftari la shule lililoandikwa kwa penseli. Zilikuwa kanuni alizokuwa akimwandalia hakimu. Alimwomba amsomee kwa sauti, asikie kama zinaeleweka na mtu wa kawaida. Wakhisi alisoma polepole, kidole chini ya mstari. Anayeshauri asiwe ndugu wa mume wala anayelipwa na mume. Idadi ya siku isiwe ndiyo kumaliza. Mke asiitwe ukumbini. Zilikuwa sita. Aliposoma ya sita akasugua shingo.

"Sema," alisema Mama Dorca.

"Hapa mnamwuliza kama anapigwa. Mimi ningejibiwa sipigi, na ni kweli." Alitazama sakafu. "Mngeuliza watu wa nyumba hufanya nini mwanamume akiingia."

Mama Dorca alichukua penseli, akaiandika chini ya zile sita, vile vile alivyoisema.

*

Tarehe tisa Septemba Wakhisi alisimama mbele ya hakimu bila barua ya kumaliza. Kulikuwa na barua nyingine, ya mistari mitatu. Hakimu aliisoma kwa sauti: mtu huyu hajamaliza, ndio kwanza ameanza, na mshauri anaomba miezi sita zaidi. Wakhisi alisikia watu wakinong'ona kwenye viti vya nyuma. Miguu yake ilikuwa imejiandaa kwa safari ya Kodiaga, na hakimu aliposema miezi sita ya ushauri imekubaliwa, iligoma kidogo kutembea.

Dalmas hakuwa na bahati hiyo. Alimfuata mkewe hadi kwenye kinu cha mpunga huko Ahero, akamwuliza mbele ya watu alimwambia nini yule mama. Hakumpiga. Alimwuliza tu, na hilo lilikuwa limeandikwa. Alipofungwa, wanaume wa Jumamosi walisema amefungwa kwa ajili ya swali, na wawili kati yao wakaacha kuja.

Wakhisi alikuja. Kibuye walimcheka. "Bado uko darasani, Baba Nekoye? Hata mtoto wangu amevuka darasa la kwanza." Mwezi wa Oktoba alimwendea mwenye nyumba na ombi ambalo mzee huyo hakuwahi kulisikia kwa mpangaji: alitaka kukata mlango wa pili nyuma ya chumba, kwa mbao zake na kazi yake.

"Unataka kutoroka kodi?" aliuliza mzee.

"Sitoroki, mzee. Kodi nitalipa kupitia wa mbele."

Nabalayo alimtazama akipima ukuta. Alitazama siku mbili bila kusema. Siku ya tatu, mlango ulipoingia kwenye fremu yake, aliuliza, "Huu ni wa nini?"

"Wa kutokea."

"Nani atoke?"

"Anayetaka."

Nabalayo aliufungua, akaufunga, akaufungua tena. Kisha akasema komeo lishushwe kidogo, Nekoye alifikie, na kama kuna kufuli, ufunguo akae nao yeye. Wakhisi alilishusha komeo. Ulikuwa mlango wa saiprasi, mwepesi.

Siku moja ya Februari aliingia nyumbani na redio ikaendelea. Nekoye alikuwa akiandika hesabu mezani, wala hakuinua kichwa. Wakhisi alikaa akavua viatu polepole, akiogopa kwamba akikohoa mtu atakumbuka kuizima.

Barua aliipata Machi, mwaka wa 1992. Nani aliulizwa, wapi na lini, hakujua. Tom aliichapa kwa taipureta pamoja na kanuni saba, kurasa mbili, na hakimu akaanza kuzitumia kwa kila aliyemtuma. Mchungaji alinung'unika mwaka mmoja, kisha akaanza kuwaleta watu wake mwenyewe. Naibu wa chifu aliendelea na kuku wake, lakini muhuri hakugonga tena.

Miaka iliyofuata Wakhisi alikuwa akienda ukumbini kila Krismasi ikikaribia, kukaza mabenchi. Mara moja tu Mama Dorca alimwomba aseme jambo kwa wageni. Alisimama, akatoa jasho, akasema, "Mkifika nyumbani leo, simameni nje kidogo msikilize. Halafu ingieni," akakaa.

Mwaka wa 1998 presha na miguu iliyovimba vilimrudisha Mama Dorca nyumbani kwake upande wa Kisian. Wakhisi alimpelekea stuli ndefu ya kuwekea miguu, iliyofunikwa sponji na kitambaa cha kijani. Alimkuta amekaa barazani, amekonda, akiulizia kila mtu kwa jina. Dalmas yuko wapi? Dalmas ana bucha yake sasa, mkewe hakurudi. Nekoye je? Nekoye yuko kidato cha pili, anataka kuwa mwalimu. Na Tom, amepata kabati la kutosha?

Walizungumza mpaka jua likapungua makali. Wakhisi alipoinuka kuaga, akiona labda hawataonana tena, alitaka kumwachia neno la kumfurahisha. Kwa mtu wa haya kama yeye ilikuwa hotuba.

"Mama," alisema, "nyumbani kwangu ni salama. Miaka saba sasa."

Mama Dorca aliinua macho, akamtazama kama alivyoitazama ile karatasi ya korti, kutoka juu hadi chini. Alizikwa mwezi uliofuata. Kabla ya hapo, Alhamisi moja, Nabalayo alikwenda Kisian, akakaa naye mchana mzima, na Wakhisi hadi leo hajui walizungumza nini. Alichofanya yeye ni kumfikishia mkewe ujumbe kama alivyopewa pale barazani, bila kupunguza wala kuongeza.

"Hilo sikuulizi wewe, Baba Nekoye," Mama Dorca alikuwa amemwambia. "Mwambie Mama Nekoye aje. Nitamwuliza mwenyewe."